Mnunuzi wa Bunduki ya Clair

Hemlock Gap, Pennsylvania
20 Oktoba 1997

Dada Arlene,

Nimepata kadi yako yenye picha ya michungwa. Sawa, tumeshaelewa, huko Florida kuna jua. Huku kwetu majani yamepukutika yote, nimeanza kuwasha jiko la kuni asubuhi, na goti langu limeanza vituko vyake vya kila mwaka. Ningekupigia simu, lakini wewe na simu ni kelele tupu. Napiga mayowe mpaka mbwa anajificha, halafu unanijibu habari za pai. Kwa hiyo kaa chini usome.

Unakumbuka mwezi wa nane nilitoa vitu vya marehemu mume wangu Clair uani nikaviuza: misumeno, nyavu za samaki, zile buti zake za mpira. Bunduki yake ya kuwindia kulungu nayo niliiuza. Nilidhani nitalia, sikulia. Alikuja mwanamume mmoja mwenye ndevu nyekundu, ana pikapu ya kijani, akaishika kwa adabu na kuifungua aone kama ina risasi kabla hata ya kunisalimu vizuri. Nikasema huyu anajua. Akalipa taslimu. Nikamwambia ngoja nitafute karatasi niandike jina lako na langu, tuwe na kumbukumbu. Arlene, alinitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba sisi ni watu wa hapa hapa, mambo ya majina tuiachie serikali. Nikaona haya. Unatujua mwenyewe: huku kumwuliza mtu jina kwenye biashara ya bunduki ni kumwambia humwamini. Clair mwenyewe maisha yake yote hakuwahi kuandika jina la mtu. Basi nikampa glasi ya maji ya ndimu, akanywa, akaenda zake.

Sasa sikiliza. Jumamosi Merle Stahl alikuja kula pai ya tufaha. Yule rafiki yake Clair wa kuwinda, hajabadilika, bado anakula na kofia kichwani. Akaniuliza bunduki ya Clair iko wapi. Nikamwambia. Akaweka uma chini, akauliza kama nilimweleza mnunuzi habari ya kitufe cha usalama. Habari gani? Ndipo akaniambia kwamba bunduki ile ina ugonjwa. Ukisukuma kile kitufe kinachoizuia isilie, ili uwe tayari kupiga, kuna siku inalia yenyewe, kidole chako kiko mbali kabisa na kifyatulio. Si kila siku. Unaweza kumaliza misimu miwili isikufanyie lolote. Merle aliiona kwa macho yake ikilia mikononi mwa Clair kule porini, na Clair akamwapisha asimwambie mtu, ataipeleka kwa fundi. Hakuipeleka. Moyo wake ukamwahi, ukasimama.

Clair wangu huyu huyu, aliyewafundisha watoto wa wilaya nzima namna ya kushika bunduki. Picha yake iko ukutani pale kituo cha zimamoto alikofundishia, kila mtoto anayeanza kuwinda anapita chini yake. Kumbe mwenyewe anatembea na kitu hicho begani. Yeye aliijua tabia yake, alikuwa haweki risasi mpaka ameshakaa mahali pake peke yake. Lakini huyu mwenye ndevu hajui, na msimu wa kulungu unafunguliwa Jumatatu ya Desemba mosi. Nitampataje mtu ambaye sikumwuliza hata jina? Silali, dada yangu. Nikifumba macho nasikia mlio.

Mdogo wako,
Verna


Florida
27 Oktoba 1997

Verna,

Weka tangazo gazetini. Kila mwanamume wa huko anasoma ukurasa wa matangazo akiwa chooni. Andika wazi: bunduki uliyonunua kwangu ni mbovu, itaua mtu, niandikie. Basi. Usianze kuzunguka kama kawaida yako. Wewe ukitaka kumwambia mtu nyumba yake inaungua unaanza na habari za hali ya hewa.

Na ninajua unachowaza. Unawaza Clair atasemwaje. Nilimpenda shemeji yangu, ijapokuwa alikuwa mbishi, na kila nikija kuwatembelea ni kulungu wa kukaanga, kulungu wa kuchemsha, soseji za kulungu. Lakini amekufa, mdogo wangu. Yeye haoni aibu tena. Aibu iliyobaki ni ya kwako, na hiyo unaweza kuimeza.

Nitumie ulichoandika.

Arlene


Sanduku la Posta 214, Tarrville
4 Novemba 1997

Kwa mwenye tangazo, Barabara ya Kanisani, Hemlock Gap

Nimeona tangazo lako: "Bwana aliyenunua bunduki kwangu mwezi wa nane, tafadhali aniandikie, ni jambo muhimu." Jina hujaweka, sababu hujaweka. Pale dukani tunaponunua chakula cha mifugo wamecheka kutwa nzima, wanasema hiyo ni serikali inatega mtego. Nimewaambia ni mjane tu, nyumba yenyewe niliiona.

Sanduku hilo hapo juu halikuandikishwa kwa jina langu, kwa hiyo usijisumbue kwenda kuulizia posta. Sema unachotaka.

Mnunuzi


Hemlock Gap
8 Novemba 1997

Bwana Mnunuzi,

Hujui nimefurahi namna gani kupata barua yako. Nilishaanza kukata tamaa. Hapa kwetu theluji ya kwanza imeanguka, sijui kwenu.

Kwa kweli ni jambo dogo la kifamilia. Mjukuu wangu amekuwa akiulizia bunduki ya babu yake, nami niliiuza kwa haraka bila kufikiri, unajua mtu anapokuwa na msiba. Ningependa kuinunua tena. Nitakurudishia pesa yako yote na nyongeza juu kwa usumbufu. Ukiweza kuileta kabla ya msimu nitakupikia chakula, na ukiona mbali nielekeze unapokaa, nitakuja mwenyewe. Ila tafadhali sana isitumike kwa sasa. Ningependa mtoto aipate kama babu yake alivyoiacha.

Verna Kunkle


Tarrville
12 Novemba 1997

Mama Kunkle,

Pole kwa kufiwa. Siku ile sikusema, lakini nilikujua. Mumeo alinifundisha nikiwa mvulana, pale kituo cha zimamoto, kwenye vile viti vya chuma vinavyogandisha makalio. Niliwahi kuielekeza bunduki ya mbao kwa mwenzangu kwa mzaha, akanitoa nje nikasimama kwenye baridi mpaka somo likaisha. Sijarudia tena maishani. Kwa hiyo nilipoona ni bunduki yake sikuikagua sana. Nilisema iliyotoka mikononi mwa Clair Kunkle haihitaji kukaguliwa.

Ndiyo maana siiuzi. Mjukuu mtafutie nyingine. Iko nyumbani kwangu, kabatini, imefungwa kwa ufunguo, na haiendi popote.

Hiyo nyongeza nayo imenifanya nijiulize nani amekutia maneno masikioni kuhusu bei. Biashara tulishaimaliza, tulipeana mikono.

Mnunuzi


Hemlock Gap
15 Novemba 1997

Bwana Mnunuzi,

Uliyosema juu ya Clair yamenitoa machozi. Barua yako imekaa mezani tangu jana, napika huku naitazama. Basi kaa nayo, sitakusumbua tena habari ya kuinunua.

Nina ombi moja tu. Kabla ya msimu, ipeleke kwa fundi bunduki aitazame. Ni ya zamani, ilikaa kwenye unyevunyevu, na Clair miaka yake ya mwisho hakuwa na nguvu za kuitunza. Iache kwa fundi siku chache, aifungue yote, gharama nitalipa mimi. Ukinifanyia hivyo nitalala vizuri.

Verna Kunkle


Tarrville
19 Novemba 1997

Mama,

Sasa nimeelewa. Kwanza niilete kwako. Halafu nikuelekeze ninapokaa. Sasa niiache kwa fundi. Bunduki ikilala kwa fundi usiku mmoja, sheria inamtaka aiandike kitabuni kwake, namba yake na jina la aliyeileta, na kitabu kile serikali inakifungua ikitaka. Kama hulijui hilo, basi kuna mtu anakutumia, sijui mwanao, sijui wakili. Kama unalijua, nimesikitika, kwa sababu ulinipa kinywaji siku ile na nilikuona mtu mwema.

Sina baya la kuficha. Sijawahi kukamatwa hata kwa mwendo kasi. Lakini nyumba yangu ni yangu, watu wangu ni wangu, na sitaki jina la yeyote kati yao likae kwenye karatasi ya mtu nisiyemjua. Ukiandika tena sitafungua.

Mnunuzi


Florida
22 Novemba 1997

Verna,

Nimesoma nakala ulizonitumia, nikatamani nipande ndege nije nikufinye. Mjukuu? Mjukuu gani anayetaka bunduki? Yule wako anayepiga filimbi na kumwombea samaki kabla ya kumla? Umemwambia mtu huyu kila kitu isipokuwa neno lenyewe. Halafu unashangaa hakuamini. Amenusa kwamba unaficha, na ni kweli unaficha, ila yeye anadhani ni kitu kingine.

Siku zimekwisha. Andika kwamba inalia yenyewe. Andika jina la Clair. Andika leo, kabla hujaosha vyombo.

Arlene


Hemlock Gap
25 Novemba 1997

Bwana,

Hii ni barua yangu ya tatu kwako, na ndiyo ya kwanza yenye ukweli. Naomba uifungue. Nimeandika hivyo hata juu ya bahasha.

Bunduki ya Clair inalia yenyewe. Ukisukuma kitufe cha usalama, kuna siku inafyatuka bila kidole cha mtu. Clair alijua. Rafiki yake Merle Stahl alijua. Mimi niliambiwa mwezi uliopita, wewe umeshaondoka nayo zamani. Sina mjukuu anayeitaka. Sina wakili, sina serikali nyuma yangu, niko mimi na mbwa wangu humu ndani.

Sikukwambia kwa sababu niliona aibu kwa ajili ya mume wangu. Watu wa hapa wanamheshimu kuliko mchungaji, na nilifikiri naweza kuipata ile bunduki kimya kimya na jina lake likabaki safi. Ulipoandika kwamba hukuikagua kwa kuwa ilitoka mikononi mwake, nilitaka kukwambia hapo hapo. Nilishika kalamu nikashindwa.

Usiipeleke kwa fundi kama hutaki. Itupe mtoni. Ing'oe vipande uvizike. Jina lako sitaki, unapokaa sitaki. Ninachotaka ni kwamba mtu yeyote asiibebe Jumatatu. Kesho kutwa ni Sikukuu ya Shukrani, posta imefungwa, kwa hiyo nakimbia nayo sasa hivi nikiwa na aproni yangu.

Verna Kunkle


Tarrville
10 Desemba 1997

Mama Kunkle,

Jina langu ni Denton Rishel. Nakaa Barabara ya Kiwanda cha Ngozi, nyumba ya mwisho kabla ya daraja.

Barua yako ilikuwa sandukuni. Mimi niliondoka Ijumaa, siku ya pili ya sikukuu, kwenda kambini mlimani na familia yangu kungoja msimu. Nimeikuta jana katikati ya kadi za rambirambi. Hata kama ningeiona mapema, sijui kama ningeifungua.

Bunduki haikuwa kabatini kwangu. Nilikudanganya. Niliinunua kwa ajili ya mkwe wangu. Binti yangu Joanne aliolewa mwezi wa tisa na kijana anayeitwa Galen Fetterolf, na kwetu mtu akioa binti yako unampa bunduki, ndiyo namna ya kumwambia karibu nyumbani. Nilitaka awe na ya Clair Kunkle. Ulipoanza kuuliza sikukwambia iko kwao, kwa sababu sikutaka mtu wa nje ajue wanapokaa. Wao wenyewe sikuwaambia kwamba kuna mtu anaiulizia. Niliona nitawaharibia furaha ya zawadi.

Jumatatu jioni tulirudi kwenye pikapu. Sheria inasema utoe risasi kabla ya kupanda gari, na bunduki ile huwezi kuifungua bila kusukuma kitufe cha usalama. Galen alielekeza mdomo wa bunduki chini, kando ya gari, kama mumeo alivyotufundisha. Ikalia. Joanne alikuwa upande wa pili, amekaa kwenye theluji anavua buti. Risasi ilipita chini ya gari. Alikuwa na miaka ishirini na nne.

Galen aliapa hakugusa kifyatulio. Alimwapia sherifu wa polisi, alimwapia mke wangu akiwa amepiga magoti. Mimi nikasema kila mtu anayeua kwa uzembe huapa hivyo hivyo. Nilimwita muuaji mbele ya watu, na Joanne bado amelala pale. Siku ya mazishi nilimkatalia kukaa na familia, akasimama nje ya uzio wa makaburi na suti yake ya harusi, na hakuna aliyemsogelea hata kumshika mkono. Sasa anashtakiwa. Sherifu aliponiuliza bunduki ilitoka kwa nani nilimwambia halimhusu. Nilikuwa nakulinda wewe. Kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuikagua, wote wanamtazama kijana tu.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama posta, nikaisoma tena ndani ya gari, na watu wanagonga kioo kunipa pole. Sina nafasi ya kukuchukia sasa hivi, nimejaa. Lakini Galen atafungwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Nenda kwa sherifu, wewe na huyo Merle, mkaseme mnalolijua. Nakungoja mpaka Jumatatu. Usipokwenda nitaipeleka barua yako mimi.

Denton Rishel


Hemlock Gap
13 Desemba 1997

Bwana Rishel,

Sikungoja Jumatatu. Nilipomaliza kusoma nilivaa koti nikaenda kwa Merle. Hakutaka. Alisema alimwapia Clair. Nikamwambia Clair amekufa na binti wa watu amekufa, sasa siri hii anamtunzia nani. Alitafuta kofia yake, akapanda gari langu.

Tumesema yote. Askari aliyekuwa anaandika alifundishwa na Clair. Kila alipomaliza sentensi alinitazama, akingoja labda niseme afute. Sikusema afute. Tumewaomba waipeleke bunduki maabara, waijaribu na wasiache kuijaribu, maana hailii kila siku. Nilipotoka pale nilikwenda kituo cha zimamoto nikaitoa picha ya Clair ukutani. Hakuna aliyeniambia niitoe na hakuna aliyenizuia.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila neno la pole ninaloandika naliona limeandikwa na mtu mwingine, mtu asiyehusika, na mimi ninahusika. Kama ile barua ya tatu ningeiandika kwanza, Joanne angekuwa jikoni kwake leo. Nalijua hilo nikilala na nikiamka. Nilikuwa natunza jina la mtu ambaye hana kazi nalo tena. Sikuombi unisamehe. Barua zangu zote ni zako, zionyeshe kwa yeyote unayetaka.

Verna Kunkle


Tarrville
30 Desemba 1997

Mama Kunkle,

Nimeona uyapate haya kwangu kabla ya kuyasoma gazetini. Maabara wamejibu. Walisukuma kile kitufe na kukirudisha, wakasukuma na kurudisha, kutwa nzima hakuna kitu. Kesho yake ikalia mikononi mwa mtaalamu wao, vidole vyake viko juu hewani. Kesi ya Galen imefutwa.

Nilikwenda kumwona. Amerudi kwa mama yake, kule nyuma ya kiwanda cha mbao. Amekonda, shati linamning'inia. Mama yake alinifungulia mlango na hakuniambia nikae. Nikamwambia Galen nimekuja kumwomba radhi kwa niliyomtendea, nikampa barua yako ya tarehe ishirini na tano. Aliisoma ameegemea sinki. Alipofika pale unaposema inalia yenyewe, alishuka taratibu mpaka sakafuni, akalia kwa sauti, anarudia kwamba hakugusa, aliwaambia wote, hakugusa. Mama yake akakaa naye hapo chini akamshika kichwa. Mimi nilisimama na kofia yangu mkononi. Nilidhani ndilo jambo gumu kuliko yote, na kwamba likipita limepita.

Halafu akafuta uso, akaisoma tena tangu juu. Akaniuliza, "Anasema hii ni ya tatu. Mbili za kwanza zilisema nini?"

Nilikuwa nazo mfukoni. Ningeweza kusema nimezichoma. Nikampa. Alitazama tarehe kabla ya kusoma chochote. Alisoma polepole, ile unayosema ipelekwe kwa fundi aliirudia. Akaniuliza mimi nilijibu nini. Nikamwambia nilijibu kwamba iko kabatini kwangu, imefungwa kwa ufunguo.

"Ilikuwa kwetu," akasema. "Iliegemea ukuta, upande wa Joanne wa kitanda."

"Ilikuwa kwenu."

"Sasa ulikuwa unamficha nani?"

Nikamwambia nilikuwa nawaficha wao. Yeye na Joanne. Wasijulikane na mtu, majina yao yasikae kwenye karatasi ya mtu yeyote. Alizikunja barua zako zote akazitia mfukoni, akavaa koti, akatoka, nikasikia gari lake likiwaka. Mama yake aliniambia kwa upole kwamba ni afadhali niende nyumbani kabla hajarudi.

Simlaumu. Na wewe nilitaka sana kukulaumu, nilianza barua mbili za kukulaumu nikazichana, kwa sababu kila kosa lako nililokuwa naliandika nilikuta nami nimelifanya. Mke wangu hataki kusikia jina la mtu yeyote kati yetu. Anakaa chumbani kwa Joanne na mlango umefungwa.

Sasa jina la Galen liko polisi, liko mahakamani, liko gazetini mara mbili, siku ya kushtakiwa na siku ya kuachiwa. La Joanne fundi wa mawe ya makaburi analichonga wiki hii. Amenipigia simu asubuhi kuuliza aandike Rishel au Fetterolf. Nimemwambia amwulize mumewe.

Denton Rishel